Kucha Nne za Joka

Mwaka wa sabini na sita Blandina alikuwa na jambo moja tu, nalo ni kwamba mtoto aliyekuwa tumboni atoke, na akitoka abaki. Mengine yote, operesheni ya vijiji, mtaro wa bomba la maji, mbegu za ngano zilizochelewa, aliwaachia wenye nafasi ya kuyafikiria. Yeye alishazika watatu. Wa kwanza aliishi siku tisa, wa pili miezi minne, wa tatu alikuwa ameshaanza kukaa mwenyewe na kucheka na kuku. Wote watatu walianza na kikohozi kidogo, kile ambacho mtu mwingine angesema ni vumbi tu la Karatu.

Kwao ni Kansay. Aliolewa na Josephati, mtu mpole, mpole mpaka inakera, na serikali ilipokusanya watu wakapangiwa kiwanja juu ya Karatu, pale mashamba yanapokoma na msitu wa Ngorongoro unapoanza. Asubuhi ukungu humwagika kutoka ukingo wa kreta ukashuka juu ya miti kama maziwa yaliyofurika sufuriani. Mama mkwe wake, Lukresia, alikaa nao. Lukresia alibatizwa ukubwani, rozari haikumtoka shingoni, lakini mambo ya Wairaqw hakuyaacha hata moja, na kubwa kati ya hayo ni meeta.

Meeta ni nini? Nyumba ikifiwa na mtoto inakaa peke yake. Si kwa chuki. Ni kwamba kifo kimewagusa wale na kinaweza kuwarukia majirani. Basi hawachoti maji kwenye chemchemi ya wote, hawaombi moto, ng'ombe wao hawachanganyiki na wa wengine, na hakuna anayepokea kikombe kutoka mikononi mwao mpaka muda uishe na watakaswe. Mwenye mtoto mchanga ndiyo kabisa, huyo hata njia waliyopita anaikwepa. Blandina alikaa hivyo mara tatu. Mara ya tatu ilikuwa mwaka mzima, mwaka mzima wa kuzungumza na mume, mama mkwe na ndama. Padre alilihubiri sana jambo hilo, watu wakaitikia amina, wakarudi majumbani wakaendelea nalo.

Alipotakaswa, Josephati akamwombea kazi ya kupika uji wa vibarua kwenye kambi ya bomba. Bomba hilo lilikuwa la kuleta maji kutoka msituni hadi kijijini, na waliolisimamia ni Wachina wanne waliolala kwenye mabanda ya mabati. Siku ya kwanza alikoroga uji mzuri, wa mtama na maziwa, akapanga vikombe. Vibarua thelathini wakasimama kwa mbali wakiangalia viatu vyao. Muda wa meeta ulikwisha, kila mtu alijua, lakini mtu aliyefukia watoto watatu si wa kukimbilia kikombe chake. Blandina akasimama na upawa mkononi, uso unamwaka kwa aibu.

Akatokea Mchina mmoja mrefu, mwembamba, mtaalamu wa kupima maji. Akapokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa chote amesimama, akakirudisha.

"Ndugu mpishi," akasema kwa Kiswahili chake cha kitabuni, "uji huu ni mtamu, tena una joto la kufaa. Naomba kikombe cha pili."

Vibarua wakacheka, na njaa nayo ina mipaka yake, wakaja mmoja mmoja. Mchina huyo aliitwa Lin. Tangu siku hiyo Blandina alimpa heshima ambayo hata mwenyekiti wa kijiji hakuipata.

Mwezi wa tano Lin alipata barua kutoka kwao. Aliisoma kando ya jiko, akaikunja, akaifungua tena.

"Mke wangu amezaa," akamwambia Blandina. "Mtoto wa kiume. Ni joka."

Blandina akaacha mwiko. "Pole sana, Ndugu Lin," akasema, tena kwa moyo wake wote.

Mchina wa watu akacheka mpaka akashika nguzo ya jiko. Kisha akaokota kijiti, akachuchumaa, akaanza kuchora vumbini. Kwao, alisema, miaka haipiti ovyo ovyo. Inakwenda kumi na miwili kumi na miwili, na kila mmoja una mnyama wake: panya, ng'ombe, chui mkubwa wa misitu ya kwao, sungura, joka, nyoka, farasi, mbuzi, nyani, jogoo, mbwa, nguruwe. Halafu wanarudi kwa panya. Mtu huchukua tabia ya mnyama wa mwaka wake. Blandina hakuona ajabu. Kwao mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha huitwa Tluway, yaani mvua, na anakuwa wa mvua maisha yake yote.

"Na mimi je?" akauliza. "Nilizaliwa arobaini na nane."

Lin akahesabu kwa vidole. "Wewe ni panya."

"Panya huyuhuyu wa ghalani?"

"Panya ana akili, tena anajua kuweka akiba. Na panya na joka wanapatana sana." Akatazama tumbo lake, akageuza macho haraka kwa adabu. "Huyo naye akizaliwa mwaka huu ni joka. Nyumba yenye panya na joka ni nyumba njema."

"Hao wengine wote nawafahamu," Blandina akasema. "Nyani alikula mahindi yangu juzi tu. Huyo joka nani amemwona?"

"Hakuna. Ndiyo maana kila mtu anamtaka." Akafuta michoro kwa kiatu, akageuka kuangalia banda la mkuu wao. Mambo hayo, akamweleza kwa sauti ya chini, siku hizi kwao yamekatazwa. Yanaitwa mambo ya zamani. Mtu akiyasema hadharani anaitwa mkutanoni akajieleze.

"Na wewe mwenyewe ni mnyama gani?"

Hapo Lin hakucheka. "Mimi pia ni joka, wa mwaka arobaini. Mwaka wa mtu ukirudi, Ndugu Blandina, si mwaka wa furaha kwake. Ni mwaka wa kujihadhari." Akapandisha mkono wa shati. Chini ya saa alikuwa amefunga uzi mwekundu, mwembamba, umeshachakaa. "Mama yangu alinifunga. Nimemwambia mkuu kwamba unazuia saa isiteleze."

Blandina alipoaga kazi ili akangoje kujifungua, Lin alimletea kifurushi cha gazeti la kwao. Ndani mlikuwa na kitambaa chekundu cha hariri, kikubwa cha kutosha kumfunika mtoto mchanga, na juu yake joka la uzi wa dhahabu limejipinda kutoka pembe hadi pembe. Mama yake Lin alilishona kwa kujificha, kwa ajili ya mjukuu. Alipoogopa kwamba nyumba zingepekuliwa, alikisukumia ndani ya sanduku la mwanawe aliyekuwa anasafiri, maana mtaalamu aendaye ng'ambo hapekuliwi na watu wa mtaa.

"Hiki ni cha mwanao," Blandina akasema, akarudisha mikono nyuma.

"Nitarudi baada ya miaka miwili. Mwanangu atakuwa anakimbia. Hiki ni cha kumfunika mtoto wa mwaka huu, kikikaa sandukuni hakimlindi mtu." Akamwonyesha kwa kidole. Pembe za kulungu, magamba ya samaki, kucha za tai, masikio ya ng'ombe. Blandina alipoona masikio ya ng'ombe moyo ukamtulia kidogo. Joka wa kwao, Lin alisema, hatemi moto wala hamzuru mtu. Ndiye mwenye maji. Baridi ikija analala kilindini, majira yakigeuka anapanda mawinguni analeta mvua. "Ule ukungu wenu wa Ngorongoro, kila asubuhi nikiuona, nasema moyoni, yule anashuka kunywa."

Jambo hilo Blandina hakuhitaji kufundishwa. Chemchemi yao nayo ilikuwa na wenyewe, wale wa majini, na Lukresia hakuchota maji pale bila kwanza kuweka jani bichi ukingoni.

Akahesabu kucha. "Mbona ziko nne?"

"Tano ni za mfalme. Zamani mtu wa kawaida akishona tano, anakatwa kichwa. Mfalme hayupo tena, lakini mama yangu aliogopa hivyo hivyo, akashona nne."

"Na hili duara jeupe mbele ya mdomo?"

Lin akatafuta neno, akalikosa. "Ni kitu cha thamani kuliko vyote alivyo navyo," akasema mwishowe. "Hakili. Anakitunza. Anakwenda nacho kila mahali." Kisha akamwomba asimwonyeshe mtu, maana mkuu wao akijua atamrudisha nyumbani kwa fedheha. Blandina akaahidi, na ahadi yake haikuwa ya mdomoni.

Mtoto alizaliwa mwezi wa saba, katikati ya baridi kali, msichana mzito mwenye sauti. Blandina akamfunika kile kitambaa kwa ndani na blanketi kwa juu. Wiki ya kwanza ikapita, siku ya tisa ikapita, mwezi ukapita, hakuna kikohozi. Josephati akaanza kupiga mluzi akikamua ng'ombe. Lukresia alikiona kitambaa, akakigusa kwa ncha ya kidole, akauliza kimetoka wapi. Blandina akasema kimetoka kwa mtu mwema, na mama mkwe akanyamaza, maana mtoto alikuwa ananenepa, na mtoto anayenenepa haulizwi maswali.

Kabla mwezi wa saba haujaisha, redio ya mwenyekiti ilitangaza tetemeko la ardhi huko China kaskazini. Mji mzima umeanguka alfajiri watu wamelala. Josephati akarudi na habari kwamba ni mji wa kwao Lin. Lin aliendelea kupima mabomba. Kila gari lililopanda kutoka Karatu aliliendea, akarudi mikono mitupu. Mwezi wa nane hakuna barua. Mwezi wa tisa hakuna. Blandina alimwombea, kisha akawaza, akiona haya kwa kuwaza hivyo, kwamba bora tetemeko liko mbali.

Ndipo alipokuja Wilibrodi.

Wilibrodi alikuwa katekista wa kigango chao, na usidhani alikuwa mtu mbaya. Makaburi ya watoto watatu wa Blandina aliyachimba yeye, kwa mikono yake, maana katika meeta hakuna mwingine aliyekubali kushika jembe. Alikuja kuandika majina ya watakaobatizwa padre atakapopanda. Akaandika Evarista, akainama kumtazama mtoto, blanketi likateleza. Akaona.

Akakaa kwenye kigoda. "Dada Blandina, hiki nani amekupa?"

Blandina akanyamaza. Angesema nini? Alikuwa ameahidi.

"Maandiko yanamtaja huyu," Wilibrodi akasema, na hakuwa anaigiza. "Kuna mwanamke anaumwa uchungu, na joka limesimama mbele yake, linangoja azae limle mtoto. Tazama mwenyewe. Hilo jeupe mbele ya mdomo ni nini, kama si kichwa cha mtoto? Mara tatu nimekuchimbia. Sitaki kuchimba ya nne."

"Halimli," Blandina akasema.

"Nani amekuambia?"

Akanyamaza tena. Na ukimya wake ukamfanya aonekane mwenye hatia, kwa Wilibrodi, kwa Lukresia aliyekuwa amesimama mlangoni, hata kwa Josephati aliyeacha kamba ya ndama na kuingia ndani. Mama mkwe akajipiga msalaba. Nyoka, akasema, amelazwa juu ya kifua cha mjukuu wangu wiki tisa na mimi nimekaa naangalia. Josephati alimtazama tu mkewe, na hilo lilimuuma Blandina kuliko yote.

"Sifuti jina," Wilibrodi akasema. "Lakini siwezi kulipeleka kwa padre kitambaa hiki kikiwa ndani. Kichome, dada yangu. Kichome wewe mwenyewe kwa mkono wako, ili ijulikane umekikataa."

Sasa jiweke wewe mahali pake. Upande mmoja neno la Mchina mmoja aliyekosa hata jina la kile kitu. Upande wa pili ubatizo, mume, mama mkwe, na makaburi matatu yaliyochimbwa na huyu anayesema. Na mtoto yuko hai, ila hujui yu hai kwa sababu ya kitambaa au licha ya kitambaa. Blandina alikichukua, akakiweka juu ya makaa katikati ya mafiga. Hariri haikuwaka kama khanga. Ilijikunja, ikanuka kama nywele, ikawa nyeusi kutoka pembeni kwenda ndani, na lile duara jeupe lilikuwa la mwisho kuungua. Aliliangalia mpaka mwisho. Evarista akabatizwa Jumapili iliyofuata, akapiga kelele nzuri ya afya maji yalipomgusa.

Barua ya Lin ilifika mwezi wa kumi. Haikuwa ya mkewe, ilikuwa ya ofisi, ya mistari michache. Mama yake, mkewe na mtoto wa miezi mitatu walikuwa katika nyumba moja, na nyumba hiyo haikusimama. Mkuu wa Wachina aliwakusanya wenzake, wakasimama kimya kidogo, kisha wakarudi kazini, maana kwao mtu alitakiwa ageuze huzuni kuwa nguvu ya kufanya kazi. Vibarua nao walifanya walichofundishwa na mama zao. Hakuna aliyewaamuru. Walihama tu upande wa pili wa mtaro, na aliyepewa sigara na Lin aliishika akaiacha ianguke.

Siku ya tatu Lin alikuja nyumbani kwa Blandina. Hakuingia. Alisimama nje ya ua wa minyaa, kofia mkononi, na Lukresia akamwahi kwa hatua ambazo hujawahi kuziona kwa bibi wa umri ule.

"Simama hapo hapo, mwanangu," akamwambia. "Ndani kuna mtoto mchanga."

"Najua, bibi. Sitasogea. Naomba tu kukiona kile kitambaa. Hata kwa mbali. Ndicho kitu pekee kilichobaki chenye mkono wa mama yangu."

Blandina alikuwa nyuma ya mlango, Evarista yuko kwenye ziwa. Alisikia kila neno. Angeweza kutoka akasema ukweli, hatua kumi tu, tena kwa mbali. Alibana pumzi. Lukresia akasema Blandina hayupo, ameenda Endabash kwa ndugu, na Lin akashukuru, akashukuru kweli, akaondoka. Blandina alijichukia mpaka maziwa yakakata.

Akamtuma Josephati akaseme kitambaa kimepotea. Josephati akaenda, akapaza sauti kutoka ng'ambo ya mtaro kama anayeita mbuzi, akarudi ameinamisha kichwa.

"Amesemaje?"

"Amesema haidhuru." Josephati akakwaruza kisogo. "Halafu amesema labda hakupaswa kukitoa. Amesema kilikuwa cha mwanawe, naye akampa mtoto wa watu."

Neno hilo lilimwingia Blandina likakaa. Lilikaa naye siku nzima akipembua mtama. Kama joka alikuwa na mtoto mmoja wa kumtunza, na wakamgeuzia mwingine? Yeye aliipokea kinga ya mtoto wa mwenzake, ikamvusha wake siku ya tisa na mwezi wa pili, kisha akaitia motoni. Na aliyempa alikuwa sasa anakaa peke yake, kama alivyokaa yeye, bila hata ndama wa kuzungumza naye.

Asubuhi iliyofuata, saa nne hivi, alimfunga Evarista mgongoni.

"Unakwenda wapi na mtoto?" Lukresia akauliza.

"Kwenye tangi la bomba, kwa Ndugu Lin."

Mama mkwe akasimama mbele ya ua. Hakugomba. Aliongea taratibu, kama mtu anayemzuia ng'ombe asitumbukie korongoni. "Yule ana vifo vitatu mgongoni. Ukimgusa vinavuka. Si wewe vinayemtaka, wewe umeshakomaa. Nyumbani umemzalia Josephati mara nne, huyu ndiye aliyebaki. Kamwambie kwa mbali. Mwache mtoto kwangu."

"Akinyonya saa hii ndiyo analala," Blandina akasema, na wote wawili walijua kwamba si hiyo sababu. "Nikienda bila mtoto, mama, nimekwenda na nini?"

Tangi la saruji lilikuwa kilimani, chini ya miti ya kwanza ya msitu. Vikombe vya vibarua vilining'inia kwenye tawi moja. Kikombe cha Lin kilikuwa juu ya jiwe, peke yake. Mwenyewe alikaa ukutani mwa tangi akiangalia maji yanavyoingia, na alipomwona Blandina na mtoto mgongoni akainuka upesi, akarudi nyuma.

"Usisogee," akasema. "Nimeelezwa desturi. Usimlete mtoto."

"Sikuwa Endabash, Ndugu Lin. Nilikuwa nyuma ya mlango. Na kitambaa hakijapotea. Nilikichoma."

Akamweleza yote, Wilibrodi, joka la maandiko, ubatizo, mafiga. Lin alisikiliza akishika ule uzi chini ya saa. Maji yaliendelea kuingia.

"Katekista alisema lile duara ni mtoto anayeliwa," Blandina akamalizia.

"Anamtunza," Lin akasema. "Nilikuambia."

"Uliniambia. Nilijua hata nilipokuwa nakichoma."

Samahani aliona ni neno dogo mno kulipandisha kilima chote kile. Akafungua khanga, akamshusha Evarista, akamnyooshea Lin. Akatikisa kichwa. Akatikisa tena. Macho yake yalikuwa kwa mtoto.

"Mpokee," Blandina akasema. "Mikono inanichoka."

Akampokea kama alivyopokea kile kikombe siku ile, kwa mikono miwili. Evarista akamkodolea macho, akamkamata kola. Lin akauchukua mkono ule mdogo, akaufungua kidole kimoja kimoja, akihesabu kwa lugha yake. Blandina hakuijua lugha, ila kuhesabu anakujua kila mtu. Kwenye cha mwisho akasimama.

"Tano," akasema kwa Kiswahili, uso ukamvunjika. Alilia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya watu, na mtoto akamwangalia bila woga. Blandina akachukua kikombe juu ya jiwe, akachota nacho maji tangini, akanywa nusu, nusu akamwekea Lin. Ng'ambo ya mtaro majembe yalikuwa yamesimama yote. Josephati alikuwa kati ya vibarua, naye alikuwa amevua kofia.

Aliporudi, vitu vilikuwa vimeshatolewa nje ya ua: ndoo, mkeka, chungu kidogo, na kijinga cha moto kinafuka moshi. Alivitambua vyote, alishavitumia mara tatu. Lukresia alikuwa ndani ya ua, khanga yake imelowa machozi. Evarista alipomwona bibi yake akarusha miguu, na mikono ya Lukresia ikanyooka yenyewe kumpokea. Ikafika nusu njia. Kisha akairudisha, akaikunja kifuani, akageuka akaingia ndani.

Blandina akabeba kijinga cha moto, akaenda kwenye kibanda cha ndama, akatandika mkeka palepale alipotandika miaka iliyopita. Akamweka mtoto kwenye ziwa. Maziwa yalitoka vizuri. Juu ya msitu ukungu ulikuwa umeshakatika na jua limetoka, siku nzuri tu ya kawaida, na kuku walikuwa wanaparura nje.

Evarista akaliachia ziwa akakohoa. Kikohozi kidogo, kimoja, labda cha maziwa yaliyopita vibaya. Blandina akamwekea kiganja kifuani. Akahesabu moja, akakaa kimya akisikiliza.